Piesi Isiyo na Jina

Tarehe kumi na saba ya mwezi wa tano mke wangu alikufa, hapa Butembo, asubuhi, ukungu ukiwa bado kwenye mikaratusi. Presha ilimwangusha akiwa amesimama mlangoni. Kabla watu hawajatawanyika matangani, mashine yake ya kushona ngozi nayo ilitoka nyumbani. Ninaandika yote mawili kwa sababu kwa la kwanza watu walinipa pole, na kwa la pili waliniita mwizi.

Mashine ilikuwa ya baba yake. Mzee huyo, Mungu amlaze pema, alikuwa fundi wa viatu kule Beni, na aliipata kwa mfanyabiashara wa Kizungu aliyekuwa akifunga duka arudi kwao, zamani, kabla mke wangu hajazaliwa. Ni mashine nyeusi, nzito, yenye mkono mrefu mwembamba uliotokeza mbele, ili kiatu kiweze kuvikwa juu yake mpaka kwenye vidole. Maua ya dhahabu yaliyochorwa ubavuni yamefutika, yamebaki majani tu. Kichwa chake, pale sindano inaposhuka, huzunguka pande zote, kwa hiyo ngozi hukaa ilipo na mshono ndio unaogeuka.

Macho ya mzee yalipochoka, alimwita binti yake, si wana wake wa kiume. Wana walikuwa wamekwenda Mangina kununua kakao na hakuna kati yao aliyependa harufu ya ngozi. Binti ndiye aliyekaa kwenye kigoda cha mashine. Tulipooana, mashine ilikuja naye Butembo juu ya lori la mbao, na mzee mwenyewe ndiye aliyeifunga kamba.

Hapa alishona mikoba ya shule, sandali, mifuko ya Biblia, viti vya moto, yaani pikipiki, vilivyochanika. Mimi shamba langu liko Vuhovi. Siku za mvua nilibaki nyumbani nikamzungushia gurudumu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kwenye mashine ile: gurudumu. Alisema zungusha, nikazungusha. Alisema acha, nikaacha. Lakini mteja akiingia, alinisalimia mimi.

“Fundi, jambo.”

Mke wangu aliinama akacheka. “Fundi, jibu salamu,” aliniambia, “kisha uulize fundi kama kiatu ya muteja iliisha.”

Yeye alicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Hata siku ya kumzika, aliyepewa neno la shukrani alisema kwamba fundi amepoteza msaidizi wake, na watu wote wakaitika kwa masikitiko. Nilikuwa nimekaa karibu na jeneza. Sikupata nguvu ya kusimama nimsahihishe, na sijui kama wangenisikia.

Shemeji yangu, kaka yake mkubwa, alikuwa ametoka Mulekera, mtaa wa Beni, pamoja na jamaa wengine wa huko. Kabla hawajarudi alisimama chini ya turubai akasema, “Machini ni ya baba yetu. Dada alikuwa anaitunza tu. Sasa inarudia kwa nyumba ya baba.”

Sikubisha. Kweli ilikuwa mashine ya baba yao, na sikuwahi kusema ni yangu. Kilichonichoma ni lile neno, kuitunza. Mtu hutunza mbuzi wa jirani. Mke wangu aliijua mashine ile kama mtu anavyojua tabia ya mtoto wake: akisikia mlio alijua kama ni uzi, kama ni sindano, kama ni baridi.

Niliifungua mwenyewe kutoka mezani. Nililifunga gurudumu kwa kitenge kimoja cha marehemu lisigonge njiani. Sindano niliziweka katika kopo la maziwa. Kulikuwa na waya mwembamba, mrefu kama mkono, uliokunjwa ndoano ndogo kwenye ncha. Huo niliufunga kwa kamba kwenye shingo ya mashine, mahali ambapo hata kipofu angeugusa.

“Shemeji,” nilimwambia, “hii waya ni ya kupitishia uzi. Musiipoteze. Bila yeye uzi haushuke.”

“Sawa, sawa,” alisema, macho yake kwenye simu.

Waliipakia pamoja na meza yake kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, mpaka kituo cha malori, nami nikarudi kukaa ndani, kwenye ile nafasi tupu ukutani. Siku hiyo ndipo nilipoona kwamba sakafu yetu imeinama. Miaka yote mke wangu alikuwa ameweka vipande vya tairi chini ya miguu ya meza, na mashine ilikuwa sawa, na mimi nikadhani sakafu ndiyo iko sawa.

Msimu wa mvua ndogo ulikuwa haujaisha shemeji aliponipigia simu.

“Shemeji, juu ya nini ulichomola piesi?” Piesi kwetu ni kipuri cha mashine.

“Piesi gani?”

“Ile unayoijua. Machini inakataa. Gurudumu hapana kuzunguka, uzi hapana kushuka. Inakosa piesi.”

“Niambie piesi gani.”

“Mimi niko na heshima, sitaki maneno mingi. Uirudishe tu.”

Akakata.

Kama angeishia hapo, ningenyamaza. Lakini alilisema neno hilo Mulekera mbele ya majirani, akalisema nje ya kanisa baada ya misa, na neno likapanda moto likaja Butembo kwa mwendo wa moto. Sokoni, muuza raba za viatu aliniona kwa mbali.

“Mutu wa piesi,” aliniita, “karibu. Unaiuzisha bei gani? Niko na muteja anatafuta.”

“Anatafuta piesi gani?” mwenzake akamuuliza.

“Ile yenyewe. Ile haiko na jina.”

Walicheka wote wawili. Sidhani walikuwa na ubaya. Nilinunua chumvi yangu nikaondoka.

Kwetu mtu anaweza kuitwa maskini, mlevi, mjinga, na bado akala na watu. Lakini anayeitwa mwizi wa kitu cha marehemu, mama hampi mtoto wake ambebe. Tena, marehemu mwenyewe alikuwa mke wangu. Walikuwa wanasema kwamba wakati yeye amelala mezani na wanawake wanamwimbia, mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na bisibisi. Kila nilipojaribu kusali, nilijiona na bisibisi ile. Nilianza kukasirika hata usingizini.

Basi nikaenda Beni. Nilingoja siku ambayo madereva walisema njia ni nzuri. Kwenye barrière, kizuizi cha askari, tulishuka, tukaonyesha kadi za uchaguzi, ndizo vitambulisho vyetu, tukapanda tena. Askari mmoja aliniuliza naenda kufanya nini. Nikamwambia kushona. Aliiangalia mikono yangu ya jembe, kisha akanirudishia kadi.

Mashine ilikuwa barazani kwa shemeji, karibu na magunia ya kakao, juu ya meza iliyotikisika. Kabla sijaifikia nilisikia harufu. Nilipoinama nikaona rangi ya machungwa kwenye kila tundu na kila kiungo. Walikuwa wameipaka mawese.

“Nani aliweka mawese?” niliuliza.

“Mimi,” shemeji alisema. “Baba alikuwa anaweka mawese. Niliona na macho yangu nikiwa mutoto. Mikono yake ilikuwa nyekundu kila jioni.”

Sasa hapo nilielewa, na hasira yangu ilichanganyika na kitu kingine. Ni kweli mikono ya mzee ilikuwa nyekundu. Mke wangu alinieleza zamani: baba yake alikuwa akisugua ngozi ngumu kwa mawese ilainike kabla ya kuikata. Ngozi, si mashine. Mtoto aliyekuwa akipita mbio kwenda kucheza aliona mikono tu, na sasa ni mtu mzima mwenye mvi anapaka alichokiona. Mawese yakilala usiku mmoja wa mvua yanaganda kama mshumaa. Yakilala siku nyingi pamoja na vumbi yanakuwa gundi.

“Na waya?” niliuliza. “Ile nilifunga kwa shingo?”

Shemeji aliangaliana na mke wake. Mke wake akaingia jikoni akarudi nao. Ulikuwa umeungua mweusi nusu nzima.

“Inachoma mahindi muzuri,” alisema, kisha akaona uso wangu akatazama chini. “Hatukujua, shemeji. Tulifikiri ni ya kufungia muzigo.”

Nilitaka kuondoka. Nasema ukweli. Nilitaka kuchukua mfuko wangu nirudi Butembo niwaache na mawese yao. Lakini ningeondoka na jina lile mgongoni. Nikavua koti.

Niliomba petroli ya taa, yaani mafuta ya taa, kitambaa, na kaa la moto kwenye kigae. Kaa nililipitisha karibu na chuma, taratibu, mpaka mawese yakaanza kulia machozi ya rangi ya chungwa, nikayafuta. Kisha petroli, kisha kitambaa, kisha petroli tena. Majirani walianza kukusanyika uani. Nilikuwa nimewaona baadhi yao matangani kwetu. Hakuna aliyenisalimia kwa jina, na hakuna aliyeondoka.

Gurudumu lilipokubali, nilitia mafuta ya mashine tone moja kila kiungo, jinsi nilivyomwona akifanya. Nilikata vipande vya kandambili iliyochakaa nikaviweka chini ya miguu ya meza mpaka maji katika bakuli niliyoiweka juu yake yakatulia sawa. Sindano waliyoitia ilikuwa imegeuka. Sindano ya mashine ina mfereji mrefu upande mmoja, na mfereji huo lazima uangalie kule uzi unakotoka, vinginevyo uzi unasuguliwa mpaka unakatika. Niliitoa, nikaigeuza, nikaikaza.

Kisha uzi. Nilikuwa nimeleta kipande cha nta ya nyuki kilichobaki katika sanduku la mke wangu. Niliuvuta uzi juu ya nta mpaka ukaacha kuonyesha manyoya. Kutoka kwenye mti wa bobini, kigingi kinachobeba uzi wa juu, nikaupeleka juu, nikaupitisha kati ya visahani viwili vinavyoubana, kisha kwenye jicho la mkono unaopanda na kushuka. Hapo ndipo wao walipokuwa wamepotea. Walikuwa wameushusha uzi nje, mbele ya macho, kama kwenye mashine ya nguo. Kwenye hii uzi haupiti nje. Nondo inayoshika sindano ni bomba, ni tupu ndani, na uzi hupita ndani yake. Niliuingiza ule waya ulioungua kutoka chini, nikausukuma mpaka ndoano yake ikachungulia juu. Nikaikamatisha uzi. Nikavuta. Uzi ukashuka ndani ya chuma ukatokea karibu na sindano.

Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema polepole, “Kumbe iko na koo.”

Uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano, ukakataa tena. Mke wangu alikuwa akiulamba uzi na kuukata ncha mshazari, na mimi nilisahau kuukata hivyo. Nilipokumbuka, uliingia.

Mwishoni mwa mkono mrefu kuna kifuniko kidogo, na chini yake kuna naveti, kama mtumbwi wa kuchezea, inayobeba uzi wa chini. Niliivuta nikaiona imejaa uzi wa nailoni uliozongwa ovyo. Nikauzonga upya, nikaupitisha chini ya kile kibati kinachoubana, nikairudisha. Nikashika ncha ya uzi wa juu, nikazungusha gurudumu mara moja. Sindano ikashuka, ikapanda, ikaleta uzi wa chini juu.

Niliomba ngozi. Shemeji akanipa sandali yake mwenyewe iliyokatika kamba. Nikaivika kwenye mkono wa mashine. Nikazungusha. Mshono wa kwanza ulionyesha vifundo chini, maana uzi wa juu ulikuwa umelegea; nikakaza skrubu kidogo. Mshono wa pili ulizama, kifundo kikajificha katikati ya ngozi mahali panapotakiwa. Nikageuza kichwa cha mashine, nikashona pembe, nikageuza tena, nikamaliza. Nikakata uzi. Nikampa sandali.

Aliivaa. Alitembea nayo uani akienda akirudi. Nilingoja. Watu wote waliomsikia akiniita mwizi walikuwa pale, na mashine ilikuwa imeshona mbele yao bila kuongezwa kitu. Niliwaza kwamba sasa atasema mbele yao kuwa sikuiba.

“Bon,” alisema. “Kumbe uliirudisha.”

“Nilirudisha nini?”

“Piesi. Uliirudisha wakati ulikuwa unapangusa. Si mubaya. Muhimu machini inatembea.”

Na watu waliitika. Nawaambia, waliitika kwa kichwa, kama siku ile kaburini. Mzee mmoja alinipiga bega akasema nimefanya vizuri, mtu kukosa ni kawaida, kurudisha ndiko kwa maana. Nilifungua mikono yangu nikamwonyesha. Kulikuwa na mawese na masizi tu. Aliiangalia akanishauri ninawe kwa majivu.

Sikula kwao. Nililala kwa mtu wa kijiji chetu, asubuhi nikarudi.

Kuondoa matanga kulikuwa hapa Butembo. Misa ilisomwa, tukafunga turubai tena uani, wanawake wakapika bukari na sombe, ndio ugali na kisamvu, na watu wa Beni wakaja wengi. Ni desturi kwamba kabla ya kula, mkubwa wa familia husimama na kuuliza kama kuna mwenye neno na nyumba ya marehemu: anayedai, anayedaiwa, mwenye kinyongo. Alitamke wakati huo, kwa maana baada ya chakula halisikilizwi tena. Mkubwa wetu, baba yangu mdogo, aliuliza. Niliangalia shemeji. Alikuwa ameshika kofia yake magotini, ananusa sombe.

Nikasimama mimi.

“Niko na neno,” nilisema. “Niliitwa mwizi wa piesi ya machini ya marehemu bibi yangu. Naomba mwenye alisema asimame aseme tu piesi gani. Sitaki kitu ingine.”

Shemeji hakusimama. “Shemeji, tuko kwa matanga,” alisema, “hatuko kwa tribinale.”

“Ndiyo. Sema jina ya piesi.”

“Mimi si fundi wa machini.”

“Sasa ulijua namna gani kama inakosa?”

Mtu mmoja nyuma alicheka, wengine wakafuata. Baba mdogo akainua mkono akaniambia nikae, marehemu hagombanishwi, amani ni bora. Wengine wakasema ndiyo, amani. Mimi nilibaki nimesimama. Nimeisikia sana amani hiyo. Daima ni ya watu wote na analipa mtu mmoja, yule aliyetukanwa.

“Mke wangu alikuwa fundi,” nilisema. “Mimi nilizungusha gurudumu. Vyote nilivyofanya Beni nilimwona akifanya. Mukisema niliiba, munasema mashine ilikuwa na siri ya kuiba. Haikuwa na siri. Ilikuwa na mutu anayeijua, na yule tulimuzika.”

Sikuwa nimepanga kusema hivyo.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake, mdogo wa umbo, amejifunika shuka. Yeye huongea mara chache. Alimgeukia mwanawe.

“Wee,” alisema. “Taja piesi, ao ufunge kinywa chako juu ya mukwe wangu. Chakula inapoa.”

Shemeji alizungusha kofia yake. Alimtazama mama yake, akatazama watu wa Mulekera aliokuja nao, wale wale waliomsikia akiniita mwizi.

“Labda hakukuwa piesi,” alisema.

“Labda?” mama mkwe aliuliza.

“Hakukuwa piesi,” alisema.

Baba mdogo akasema neno limeisha. Mtu akaleta maji ya kunawa. Hakuna aliyekuja kunishika mkono, na mzee aliyenipiga bega Beni alikuwa tayari amevuta sahani. Nilikaa. Niliona kwamba walilitangaza neno la wizi kwa wiki nyingi na kulifuta kwa pumzi moja kati ya maombi na sombe, na kwamba nililazimika kulipokea hivyo hivyo.

Katikati ya chakula shemeji alisogeza kiti chake karibu na changu. Alikula kwanza, kisha akasema chini chini, bila kunitazama, kwamba uzi umekatika tena tangu juzi, na mke wake amejaribu waya lakini uzi hauchungulii.

Nilitaka kumwambia atafute piesi. Neno lilifika kwenye meno. Lakini niliiona mashine ile barazani, karibu na kakao, na mtu mwingine akienda kutafuta mawese.

“Waya inaingia na chini,” nilimwambia. “Sio na juu. Ndoano inatoka juu, inakamata uzi, unavuta.”

“Na chini,” alisema.

“Kisha mufereji ya sindano unaangalia kule uzi inatoka. Sema vile dada yako alikuwa anafanya, vile uliniona nikifanya Beni, kuanzia kwa bobini.”

Aliweka tonge chini. Alianza: bobini, visahani, jicho la mkono, bomba. Alipofika kwenye naveti alikosea. Nikamwambia aanze tena kwenye bobini.